Tulilamba Dume au Galasa?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni hapa Ilala, mbele ya vijiwe vitatu vya mpira vilivyokutana chini ya paa moja bila kutoana macho. Waliokuwa safarini na waliokwama kwenye foleni ya Buguruni waliniomba niiandike yote. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, pamoja na kelele za wasikilizaji pale ninapozikumbuka. Vipande vya magazeti nilivyobandika ukutani vimebaki ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Wana Msimbazi, watu wa Simba, mpo? Wana Jangwani, watu wa Yanga, mpo? Na Azam naona mmekuja wawili, mmekaa karibu na mlango. Sogeeni ndani, leo hakuna wa kuwagusa.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na swali moja: mchezaji akishauzwa, akishanunuliwa, akishatemwa, tutajuaje kama klabu ilifanya biashara nzuri, yaani ililamba dume, au ilibeba galasa? Nimejiuliza kwa nini amenichagua mimi. Sijawahi kuwa kocha. Sijawahi kukaa kwenye kamati ya usajili. Mnanijua, mimi ni mtu wa mitumba pale Karume. Lakini nadhani Mwenyekiti ana akili kuliko anavyoonekana, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kununua kitu ambacho sijakiona ndani. Belo linakuja limefungwa. Unaona uzito, unaona karatasi ya juu inasema ni suruali au mashuka, unaona limetoka nchi gani, unaulizia aliyelileta ni mtu wa namna gani. Unatoa hela. Halafu ndiyo unakata mkanda.

Na mchezaji je? Si mnamwona kwenye vipande vya video vya dakika tatu, magoli yote amefunga, hapotezi mpira hata mmoja? Hilo ni belo, ndugu zangu. Belo lenye karatasi nzuri juu.

Sasa nimekuja na hili hapa. Mnaliona? Kaunta buku, kwaya tatu, jalada limechanika. Wa kijiwe chetu wanalifahamu. Tulilianzisha 2011, na sheria yake ni moja tu: dirisha la usajili, ule muda wa klabu kununua na kuuza wachezaji, likifunguliwa, anayepiga kelele aandike. Tarehe, jina la mchezaji, maneno yake, saini. Moto wa Karume wa Januari 2022 ulinichukulia kibanda na mzigo wote, ila daftari hili lilipona kwa sababu wiki ile mke wangu alilichukua nyumbani kuandikia hesabu za vikoba. Kurasa za katikati zina madeni ya akina mama. Hizo sisomi.

Kwa nini tuliandika? Kwa sababu mpira una ugonjwa mmoja. Msimu ukiisha, kila mtu alijua. Mchezaji akiwaka, nani alimkataa? Hakuna. Akiwa galasa, nani alimsifia? Hakuna. Wote wanasema "si nilisema mimi?" Ulisema wapi? Ulimwambia nani? Lete saini!

Nisome ukurasa mmoja. Desemba 2014, dirisha dogo, lile la katikati ya msimu. "Tambwe aende zake. Mzito, hakabi, ameisha. Tumeleta mashine kutoka Gor Mahia." Mnataka kujua saini ni ya nani?

(Sauti kutoka nyuma: "Yako!")

Ni yangu. Asante, mzee, umenisaidia.

Vijana ambao mlikuwa shule ya msingi, niwape kisa. Amissi Tambwe, Mrundi, alikuja Simba 2013. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, alifunga magoli 19 akawa mfungaji bora wa ligi. Msimu uliofuata timu ikaanza kwa sare juu ya sare, na Tambwe akakauka. Wakati ule kanuni iliruhusu wachezaji watano tu wa kigeni. Ukitaka kumwingiza mmoja, lazima umtoe mmoja. Simba ikamtaka Dan Sserunkuma, Mganda aliyekuwa anafunga atakavyo Kenya, na timu yake ya Gor Mahia ilikuwa bingwa. Basi Tambwe akatemwa. Bure. Akavuka barabara akaenda Jangwani.

Mnajua kilichofuata. Msimu wa 2015/16 Tambwe alifunga magoli 21 akiwa na jezi ya kijani na njano, mfungaji bora tena. Yanga ikachukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Sserunkuma wetu hakukaa, akaondoka. Na sisi wa Msimbazi, ambao kombe letu la mwisho lilikuwa la 2012, tukasubiri hadi 2018.

Sasa nawauliza, na nataka Yanga mjibu bila kucheka: uamuzi ule ulikuwa wa kijinga?

(Hapa walicheka dakika nzima. Nilinywa maji.)

Ngojeni niwaeleze kitu cha belo, halafu tumrudie Tambwe.

Mwaka mmoja nilinunua belo la jinzi za kike. Nilifanya kila kitu sawasawa. Mwenye mzigo namjua, nimenunua kwake mara nyingi, bei ilikuwa ya haki, uzito umekamilika. Nikakata mkanda. Juu, safu mbili za jinzi safi kabisa. Chini yake, masweta. Masweta ya sufu, yale ya shingo ndefu, mazito kama blanketi. Januari! Dar es Salaam! Joto ambalo hata kuku anatembea amefungua mdomo! Nilikaa na yale masweta mpaka nikawa nayaona ndotoni.

Mwaka mwingine nilikuwa na haraka, nimechelewa msiba, nikanunua belo bila hata kuuliza. Nikafungua: makoti ya baridi. Nikasema leo nimekwisha. Kabla sijayapanga akaja mfanyabiashara wa Njombe, alikuwa anatafuta makoti tu, akabeba yote asubuhi ile ile kwa bei niliyotaja mimi. Faida kubwa.

Haya. Katika mabelo mawili hayo, lini nilikuwa mfanyabiashara na lini nilikuwa mcheza bahati nasibu? Nilipopata hasara nilikuwa nimefanya kazi yangu. Nilipopata faida nilikuwa mzembe. Lakini ukimuuliza jirani yangu wa kibanda atakwambia la makoti nililiona mbali, mimi ni mjanja. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mrefu nilimwachia aamini hivyo.

Hivyo ndivyo tunavyowahukumu viongozi wetu wa usajili. Tunaangalia kilichotoka kwenye belo. Hatuulizi kilichojulikana kabla ya mkanda kukatwa.

Rudini kwa Tambwe. Desemba 2014 tulijua nini? Tulijua hafungi. Tulijua nafasi za wageni ni tano. Tulijua yule wa Kenya anafunga. Magoli 21 ya baadaye hatukuyajua, na hakuna mtu wa kunilaumu kwa kutoyajua. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo, na ni utetezi mzuri. Lakini una tundu, na tundu hilo nililiona nilipousoma ukurasa huu tena. Kuna kitu kimoja tulikijua siku ile ile: Tambwe alikuwa ameshafunga 19 kwenye ligi hii hii. Viwanja hivi hivi, vipara vile vile, safari zile zile za basi kwenda Mbeya na Bukoba, mabeki wale wale wanaokukanyaga refa akigeuka. Yeye alikuwa belo lililofunguliwa. Nguo tulikuwa tumeziona, tumezivaa, moja ilikuwa imechafuka tu. Tukalitupa kwa ajili ya lililofungwa, na tukalitupa mlangoni kwa jirani.

Hapo ndipo nilipokosea. Na hapo ningeweza kukosolewa siku ile ile, Desemba ile ile, bila kusubiri magoli 21.

Mnaona tofauti? Ukiangalia nyuma, usiniletee yaliyotokea tu. Niletee kile ambacho tungeweza kukiona na hatukukitazama.

Tuendelee. Nani anamkumbuka Luis?

(Kelele. Mtu wa Simba aliimba.)

Luis Miquissone, Mmsumbiji. Tarehe 23 Februari 2021, Uwanja wa Mkapa, Simba moja, Al Ahly ya Misri bila. Goli la nani? La Luis. Kombora ambalo mimi nimelitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu. Agosti mwaka ule ule, Al Ahly wenyewe wakaja kumnunua. Na dirisha hilo hilo Clatous Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco. Daftari letu lina maneno makali ukurasa huo. Mmoja ameandika: "Tumeuza ubingwa." Akapigia mstari mara mbili.

Na msimu huo, 2021/22, baada ya makombe manne mfululizo, ubingwa ukaenda Jangwani, tena Yanga hawakufungwa hata mechi moja. Kwa hiyo yule aliyeandika alikuwa nabii? Kila mwaka anatuonyesha ule mstari wake.

Mimi nasema tusiharakishe. Luis alipofika Cairo hakupata namba. Wakamtoa kwa mkopo Abha, Saudi Arabia. Mwaka 2023 akarudi Msimbazi, na mliomwona mnajua: miguu ilikuwa ile, spidi haikuwa ile. Basi Simba ilimuuza lini? Ilimuuza siku bei yake ilipokuwa juu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Muuza mitumba yeyote hapa atawaambia, ukipata mteja wa namna hiyo unafunga mzigo kabla hajabadili mawazo. Kumuuza Luis, nasema mbele yenu, ilikuwa biashara nzuri. Kumrudisha ndiyo tulikwenda kununua kumbukumbu.

"Sasa mbona ubingwa ulipotea?" Swali zuri. Ubingwa haukupotea kwa sababu Luis aliuzwa. Ninavyoona mimi, ulipotea kwa sababu Luis na Chama waliuzwa ndani ya mwezi mmoja. Aliyekuwa anapeleka mpira na aliyekuwa anaufikiria, wote wawili, mwezi mmoja! Fundi anabadilisha nguzo moja ya nyumba huku watu wamelala ndani. Akibadilisha mbili za upande mmoja kwa pamoja, watu waamke watoke kwanza. Chama mwenyewe alirejeshwa Januari 2022, miezi mitano tu baadaye. Ukimwona mtu anarudi dukani kununua alichouza juzi, jua hesabu ya kwanza haikukaa vizuri.

Na tuwe wa haki. Dirisha hilo hilo lilimleta Pape Ousmane Sakho. Februari 2022, Sakho aliruka akapiga tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas ya Ivory Coast, na CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, wakalichagua goli la mwaka. Kwenye daftari letu, Agosti 2021, Sakho hana hata mstari mmoja. Wote tulikuwa tunamlilia Luis.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "usajili wa 2021 ulilipa?" namuuliza upi. Wa Luis ni ndiyo. Wa Chama ni hapana. Wa Sakho ni ndiyo. Wa dirisha zima, mimi nasema hapana. Majibu manne, dirisha moja, na bado watu wanataka jibu la neno moja redioni.

Wananchi, watu wa Yanga, msijifiche, zamu yenu. Dirisha la 2023.

Fiston Mayele. Msimu wa 2022/23 mfungaji bora wa ligi, magoli 17 sawa na Saido Ntibazonkiza. Mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, magoli saba. Yanga ikafika fainali, ikafungwa 2-1 hapa Mkapa na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, kombe likapotea kwa sheria ya goli la ugenini: jumla 2-2, ila wao walifunga mawili ugenini, Yanga moja. Goli la hapa nyumbani lilikuwa la Mayele. Halafu wakamuuza Pyramids ya Misri. Naomba nisome alichoandika jirani yangu wa Yanga, na yuko humu, anatazama dari: "Viongozi wamekula timu. Msimu huu tutashika nafasi ya nne."

Mbadala wake alikuwa Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Alimaliza hata msimu? Hakumaliza. Dirisha dogo lilipofunguliwa akawa hayupo. Basi kwa hesabu ya mtu kwa mtu, ametoka Mayele ameingia Konkoni, Yanga ilipigwa. Si ndiyo?

Halafu tarehe 5 Novemba 2023 ilifika.

(Hapa nililazimika kunyamaza. Upande wa Yanga walisimama wote wakinyoosha vidole vitano. Mzee mmoja aliyekuja na mkongojo aliuacha sakafuni ili mkono wake mmoja uwe huru.)

Kaeni. Kaeni chini. Yanga mlitufunga Simba tano kwa moja, nilikuwepo uwanjani, sihitaji kukumbushwa. Bila Mayele! Msimu huo Aziz Ki akafunga 21, akawa mfungaji bora, na kombe likabaki Jangwani. Magoli ya Mayele yalikwenda wapi? Yaligawanywa. Mengine yalikwenda kwa Aziz Ki, mengine kwa Max Nzengeli, mengine kwa walioanza kuingia kwenye boksi ambalo zamani lilikuwa la mtu mmoja.

Ulaya nako haya yametokea. Mwaka 2009 Barcelona walimtoa Samuel Eto'o, wakaongeza hela juu, zaidi ya euro milioni 40, wakamchukua Zlatan Ibrahimović. Eto'o akaenda Inter Milan, akachukua makombe yote matatu makubwa mwaka wa kwanza, na njiani akawatoa Barcelona hao hao kwenye nusu fainali. Ibrahimović akaondoka baada ya msimu mmoja. Mtu kwa mtu, hakuna anayebisha, Barcelona walipigwa mchana kweupe. Lakini msimu huo huo walichukua ligi ya Hispania kwa pointi 99, na 2011 wakawa mabingwa wa Ulaya Messi akicheza katikati, pale pale Ibrahimović alipokuwa anasimama. Je, tuseme ile ilikuwa biashara nzuri kwa sababu mwisho wake ulikuwa mzuri? Mimi siwezi. Ni hasara iliyofunikwa na mtu ambaye tayari alikuwa ndani ya nyumba.

Na Yanga ya 2023 ninaiona hivyo hivyo, mnisamehe Wananchi. Kumuuza Mayele sawa. Konkoni galasa. Aziz Ki aliyekuwepo ndiye aliyelipa deni. Mkimpa sifa aliyemleta Konkoni, mmemdhulumu aliyemleta Aziz Ki 2022.

Kuna mtu ataniambia: "Mbona Juni 2025 Mayele amefunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids wamewafunga Mamelodi Sundowns wamebeba kombe? Hilo goli lingekuwa letu!" Lingekuwa lenu vipi? Mlikuwa mnafika fainali hiyo? Goli la Cairo lilitengenezwa na viungo wa Cairo na mishahara ya Cairo. Ukiuza shati Karume, mnunuzi akalivaa harusini akapendeza, huwezi kumfuata ukumbini ukidai picha.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hatujui hela, na hilo lenyewe ndilo tatizo.

Chukueni Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 Fei Toto anaandika barua kwamba anaondoka Yanga, anaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kuvunja mkataba. Yanga wanakataa, TFF, wasimamizi wa mpira wa nchi, wanasema bado ni mchezaji wa Yanga, nchi nzima inabishana miezi sita mpaka Rais Samia anawaambia Yanga walimalize. Juni 2023 anakwenda Azam. Kwa shilingi ngapi? Kimya. Msimu uliofuata anafunga 19, Azam inashika nafasi ya pili kwa tofauti ya magoli, pointi 69 sawa na Simba, inaingia Ligi ya Mabingwa. Yanga bingwa. Ninyi wawili wa Azam, mlifurahi? Mlifurahi. Yanga walilia? Hawakulia. Biashara nyingine zinaisha hivi, pande zote mbili zinakwenda nyumbani zimeshiba, na sisi tunakesha kutafuta nani kaibiwa. Lakini ilikuwa ghali au rahisi? Mizani ina sahani mbili na moja imefunikwa kitambaa. Atakayewaambia anajua, mwombeni risiti.

Na hata bei ikitajwa, hela ni ile iliyoingia mfukoni. Januari 2013 Emmanuel Okwi aliuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia, magazeti yakaandika dola 300,000. Daftarini mtu ameandika: "Tunajenga uwanja." Uwanja gani? Simba iliishia kufungua madai FIFA. Okwi mwenyewe, kabla mwaka haujaisha, alishasaini Yanga! Hata wewe uliyeandika unacheka.

Okwi alirudi Simba, akaondoka, akarudi tena 2017, na msimu wa 2017/18 akafunga 20 tukachukua kombe baada ya miaka sita. Wapo wanaosema "mnaona, mwisho wake yalilipa." Hapana. Okwi wa 2017 ni belo jingine, lilinunuliwa kwa hela nyingine. Usilipe deni la 2013 kwa magoli ya 2018.

Basi hesabu inafungwa lini? Hili ndilo lililonisumbua zaidi nilipokuwa najiandaa.

Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari hili ni wa 2011. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, ametokea African Lyon, amecheza Simba msimu mmoja. TP Mazembe ya Kongo wamekuja kucheza na sisi Ligi ya Mabingwa wakamwona, wakamchukua. Dola 150,000 ndizo zilizotajwa. Wengi humu tuliandika kwamba ni hela nzuri. Sijaona aliyeandika kwamba ni ndogo. Hakuna hata mmoja.

Tarehe 1 Machi 2020 nilikuwa kwenye kibanda umiza Buguruni. Fainali ya Kombe la Ligi Uingereza, Aston Villa na Manchester City, Wembley. Kibanda cha watu arobaini tuko mia. Samatta akaruka, akapiga kichwa, wavuni! Feni iliyokuwa juu yetu ilidondoka, kuna aliyeigonga kwa kichwa kwa kuruka. Villa walifungwa 2-1 lakini nani alijali? Watu wakiwa bado wanakumbatiana, mzee mmoja aliyekaa kwenye kreti ya soda akasema kwa uchungu kabisa: "Huyu tulimuuza dola laki moja na nusu. Laki moja na nusu!" Villa walikuwa wamemnunua kwa Genk ya Ubelgiji kwa pauni kama milioni 8.5, kwa mujibu wa magazeti ya kule.

Mzee, kama upo humu, naomba nikujibu leo maana siku ile nilikuwa natafuta kiatu changu. Aliyeuzwa 2011 hakuwa yule wa Wembley. Yule wa Wembley alipikwa kwa Mazembe, Lubumbashi, zaidi ya miaka minne, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa mfungaji bora, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Akapikwa tena Genk, akachukua ubingwa wa Ubelgiji 2019. Simba iliuza mbegu. Huwezi kudai bei ya embe.

Lakini mbegu ina haki yake, na hapa ndipo viongozi wetu wote, wa timu zote, ninawanyooshea kidole. FIFA wana kanuni: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka aliokaa kwako kuanzia umri wa miaka 16, fungu lako ni nusu asilimia ya bei nzima. Samatta alikuwa Simba na miaka kumi na nane. Nusu asilimia ya pauni milioni 8.5 ni pauni 42,500. Kwa mwaka mmoja wa kumlea mtu aliyeondoka miaka tisa kabla! Na African Lyon nao wana miaka yao. Kwa hiyo hesabu ya 2011 haikufungwa 2011. Ilikuwa wazi mpaka 2020, kwa klabu iliyotunza makaratasi yake. Nani humu anajua klabu yake inatunza wapi karatasi za vijana wake? Mkono juu?

(Hakuna mkono ulionyooka.)

Mimi mwenyewe sijui. Nimetunza daftari la kelele miaka yote hii na sijawahi kuuliza habari ya faili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumzungumzia Chama kuvuka kwenda Jangwani 2024, lakini huyo mkanda wake ndiyo kwanza umekatwa, nguo bado ziko chini zinapangwa. Wengine wanasema Yanga walilamba dume kwa sababu walichukua kombe. Wengine wanasema ni Simba, kwa sababu walimleta Ahoua akafunga 16 akawa mfungaji bora, wakafika fainali ya Shirikisho. Tukutane 2030.

Kabla chai haijaletwa, daftari linazunguka. Dirisha likifunguliwa safari hii nimeongeza safu moja. Tarehe, jina, unachosema, saini, na safu mpya: "Leo ninajua nini juu yake?" Ukiwa hujui kitu andika sijui, haina aibu. Kalamu nimeifunga kwa kamba kwa sababu ya kilichotokea mwaka jana. Na yule aliyechana ukurasa wa Okwi wa kuhamia Yanga, Desemba 2013, tunakufahamu, umekaa safu ya tatu, una kofia. Uurudishe. Una saini ya baba yako.